Huku wanalipa kuirudisha chokaa, kwetu tunalipa kuibandua

Jumanne iliyopita nilimaliza kupaka sebule ya mteja mmoja hapa Bristol. Nyumba ya mwaka 1874, matofali mekundu, ngazi nyembamba, dirisha kubwa la mbele linalochomoza barabarani. Ukuta wote chokaa tupu, imepakwa mara nne. Wasioijua kazi hii niwaambie inavyokwenda: unaikoroga chokaa mpaka iwe nyepesi kama maziwa, unaulowesha ukuta kwa pampu ya mkono, halafu unapaka kwa brashi pana huku unakatisha katisha. Ikiwa mbichi utadhani hujafanya kitu, maana unaona madoa ya kijivu tu na brashi imepita wapi. Unafunga mlango, unakwenda kulala. Asubuhi ukuta umekuwa mweupe mweupe wa ndani, ule ambao ndoo ya rangi ya dukani haiwezi kuutoa hata uipake mara kumi.

Mteja akaja na kikombe chake cha chai, akaweka kiganja ukutani, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema hii ndiyo nyumba ya kisasa aliyokuwa akiitaka.

Nilikuwa bado nasafisha brashi simu ikalia. Kundi la familia. Kaka yangu katuma picha sita za nyumba yetu ya Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukumbi wa juu. Boriti hazionekani tena, zimefunikwa na dari ya jipsamu ya ngazi tatu yenye taa za buluu pembeni. Mashubaka matatu ya bibi, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, yamezibwa kwa tofali. Ukuta umepigwa plasta ya saruji na rangi ya plastiki ya krimu, chini tailizi zinang'aa mpaka taa inajiona. Chini ya picha kaandika: "Hatimaye na sisi tumekuwa wa kisasa." Mashangazi wakamimina mioyo na maua.

Neno moja, siku moja, mambo mawili yaliyopeana mgongo. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, ndiyo maana naandika.

Kaka yangu nampenda na namheshimu. Amebaki na mama, amebaki na nyumba, amelipa fundi kwa jasho lake mwenyewe. Mimi niko mbali napeleka pesa na ushauri, na najua ushauri wa aliye mbali unavyochukiza. Lakini hayo mashubaka nayajua kwa vidole. La kwanza bibi aliweka msahafu na tasbihi. La pili chetezo na kopo la udi. La tatu, la chini, lilikuwa letu watoto, tunaficha gololi na ubuyu. Kingo zake hazikunyooka hata moja, kwa sababu yule mwashi alizikunja chokaa kwa mwiko na kumalizia kwa kidole gumba, na alama ya gumba ilikuwa bado ipo. Ukipitisha mkono unaikuta.

Sasa sikilizeni huyu mteja wangu wa Bristol alichokichora msanifu wake. Mashubaka mawili ukutani, pembeni mwa meko ya zamani, yenye kingo za mviringo, na taa ndogo imefichwa juu. Chini ya dirisha kubwa, benchi la kujengea la ukuta hadi ukuta, lenye mito. Yaani baraza, na limeingizwa ndani. Kuta za chokaa. Mbao za dari zilizokuwa zimezibwa jikoni tukazifunua, tukazisugua, tukaziacha wazi. Nimejenga kwa mikono yangu, katika mji wenye baridi, vitu vyote ambavyo kaka yangu mwezi huo huo alikuwa akimlipa fundi avifute. Na kila nilipokuwa napima ukingo wa shubaka, bosi wangu ananihimiza nisiufanye mnyoofu sana, niuache uonekane umepitiwa na mkono wa mtu.

Najua mnachotaka kusema. "Huyo kashakaa Ulaya, sasa anataka sisi tubaki makumbusho ili akija likizo apige picha."

Hapana. Nimelala katika nyumba ile miaka ishirini na miwili. Masika tulikuwa tunapanga mabeseni sehemu tatu na tunajua kila beseni linalia vipi. Nimekula wali wenye vumbi la chokaa lililodondoka kutoka darini. Nimemwona mchwa, nimemwona popo. Sina hamu na hayo hata chembe na simtakii mtu. Mwenye nyumba kongwe ana haki ya kuoga maji ya moto, kupika jiko safi, kulala bila kuvujiwa. Ninalobishia ni jambo moja tu, kwamba ili uyapate hayo lazima uzike ukuta.

Maana huku hawakuuzika. Nyumba ya yule mteja wangu ina jiko jipya la umeme, ina mabomba ya kupasha joto chini ya sakafu, bafu lake ni la mwaka huu. Nyuma wamevunja ukuta mmoja, wameweka chuma na kioo kutoka chini mpaka juu. Hakuna atakayeingia aseme hii nyumba ni ya kizamani. Lakini kila kipya kimesimama pembeni ya kikongwe na vyote viwili vinaonekana. Bafuni tailizi zipo, ila zimebandikwa juu ya bodi iliyoachiwa nafasi nyuma, ukuta wenyewe haukuguswa.

Wala msidhani Waingereza walizaliwa wanajua. Hapa ndipo wanaponiambia natukuza wazungu, na hapa ndipo nataka mnisikilize. Saruji tunayoisifu, hii ya Portland, hati yake ya uvumbuzi aliichukua Mwingereza, Joseph Aspdin wa Leeds, mwaka 1824. Ni yao. Na wao ndio waliotangulia kuharibu nyumba zao kwayo. Karne iliyopita walizipiga plasta ya saruji nyumba zilizojengwa kwa chokaa, wakadhani wameziimarisha, halafu kuta zikaanza kutoka jasho kwa ndani, matofali yakamenyeka, mbao zikaoza. Leo mimi riziki yangu ni kubandua ile saruji ya baba zao. Nimefanya nyumba ambayo ukiipiga nyundo plasta inaanguka vipande vikubwa kama milango, na ukuta nyuma yake umelowa chapachapa. Mzee aliyekuwa akiishi humo alikuwa na ukungu mweusi nyuma ya kabati na kifua hakikumtoka mwaka mzima. Wamelipia kosa hilo pesa nyingi. Sisi tunalinunua upya, wakati majibu yake yameshatoka.

Na kwetu kosa ni kubwa zaidi, kwa sababu ya bahari. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita hivi, na ndani yake mna chumvi tangu siku uliyojengwa. Maji yanapanda kutoka chini, yanatoka kupitia chokaa, yanakauka na upepo. Hiyo ndiyo maana ya mafundi kusema chokaa inapumua. Ukiifunika kwa saruji na rangi ya plastiki, maji hayana pa kutokea, yanazidi kupanda. Na juu huko yanakutana na nini? Ncha za boriti. Boriti zetu ni mikoko, zimeingizwa ukutani pande mbili, ndizo zilizoamua upana wa vyumba vyetu, mita tatu kasoro au na kitu, kwa sababu mti wenyewe haurefuki zaidi ya hapo. Ncha ikioza ndani ya ukuta huioni. Na ukiwa umeweka jipsamu chini yake, hutaiona hata ikianza kupinda. Hapo ndipo ninapotetemeka, kwa sababu chini ya boriti zile analala mama yangu.

Beit al-Ajaib ilisimama tangu 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 tuliiona wote ikiwa kifusi upande mmoja, tena ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Nyumba ya sultani, yenye macho ya dunia nzima, katika mji ambao UNESCO iliuandikisha urithi wa dunia mwaka 2000. Itakuwaje kwa nyumba ya warithi kumi na wanne?

Eh, warithi. Hapo siwezi kumlaumu mtu peke yake. Kila mwenye sehemu yake anasubiri mwenzake aanze, mwingine yuko Muskati, mwingine hasemi na wenziwe tangu matanga. Na anayejitokeza kutengeneza, kama kaka yangu, anatengeneza kwa kile kilichopo. Saruji iko kila duka la Darajani, unabeba mfuko, unaanza kazi kesho. Chokaa ya kupikwa vizuri na kulowekwa shimoni kwa miezi utaitafuta, na mwashi anayejua kuitumia utamtafuta zaidi, na ukimpata ana miaka sabini na mwanawe anaendesha bodaboda. Hilo ni kweli na ninalikubali lote. Ila gharama tusiifanye kisingizio. Ile dari ya ngazi tatu na taa zake za buluu haikuwa rahisi. Kuzibandika tailizi ukumbi mzima hakukuwa rahisi. Pesa ilikuwepo. Tulichokikosa ni mtu wa kutuambia kwamba tulichonacho kinastahili pesa hiyo.

Na anayetuambia hivyo yuko mlango wa tatu kutoka kwetu. Ilikuwa nyumba ya familia, sasa hoteli. Wamezirudisha kuta za chokaa, wamefungua mashubaka, boriti wamezitia dawa ya mchwa na kuziacha nyeusi juu ya dari nyeupe, mgeni analipa kwa dola ili alale katika chumba kama cha bibi yangu. Kaka anapita hapo kila siku akienda msikitini. Anasema, "Hizo ni za watalii." Nani kasema ni za watalii? Nani aliyetugawia, wao wachukue uzuri, sisi tuchukue jipsamu?

Hili linanichoma kuliko yote. Nikiwa huku, mkubwa wangu wa kazi, mtu mwema kabisa, aliwahi kunifafanulia nusu saa nzima jinsi chokaa inavyochomwa na kuzimwa kwa maji na kurudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa. Nikamwambia bibi yangu alikuwa akituhadithia wanawake walivyokuwa wakiitwanga dari ya chokaa kwa vigongo vidogo, wamejipanga mstari, wanaimba, siku baada ya siku, mpaka iwe ngumu isipitishe tone. Akaniuliza kama ile kazi bado inafanyika. Nikanyamaza. Nimetoka katika watu wa chokaa, nimekuja kufundishwa chokaa mahali ambapo jua linaonekana kwa bahati.

Halafu madirisha. Kaka ameng'oa mabawa ya mbao, ameweka alumini ya kuteleza. Dirisha la kuteleza halifunguki zaidi ya nusu, siku zote nusu moja imesimama mbele ya nusu nyingine. Yale ya mbao yalifunguka yote, na ukiyafunga upepo bado unapita kwenye vibao vyake vya mshazari. Sasa ukumbi una joto, imebidi kiyoyozi, na kila wiki kundini tunasoma umeme unavyokula pesa. Huku Bristol, nyumba ikiwa katika orodha ya majengo ya kuhifadhiwa, kubadilisha dirisha bila ruhusa ni kosa la jinai. Jambo hilo nalo lina ukali wake, nimewaona watu wanatetemeka na baridi nyuma ya vioo vyembamba wakisubiri barua ya kibali. Siutamani ukali huo kwetu. Natamani tungeyatazama yale mabawa mara moja tu kabla ya kuyatupa jalalani.

Nilimpigia kaka Ijumaa baada ya swala. Sikuanza na lawama, nimejifunza. Nilimwamkia, nikamsifia kazi kwa yale yaliyostahili, jiko la mama ni zuri kweli, choo ni safi. Kisha nikamwomba kitu kimoja. Nikamwambia, kaka, nenda kwenye ule ukuta wa mashubaka, gonga plasta kwa kifundo cha kidole, anzia chini upande juu, unirekodie.

Alicheka, lakini akaenda. Ujumbe wa sauti ulikuja baada ya robo saa, sekunde kumi na mbili. Chini mlio ni wa jiwe, mzito. Karibu na lilipokuwa shubaka la tatu, letu, mlio unabadilika, unakuwa mwepesi, plasta imeshaachana na ukuta na haijamaliza hata mwezi. Anagonga tena pale pale, mara mbili. Halafu nasikia sauti yake, polepole, anamwita mama: "Hebu njoo usikilize hapa."