Mhindu na nyama: tumeichukua sheria ya Gujarat tukaifanya ya dini nzima

Ukikulia Dar unaamini kabisa kwamba Mhindu hagusi nyama, maana wengi tuliowazoea kule Kisutu hata yai hawali, na wale wa dhehebu la Swaminarayan wanaacha mpaka vitunguu na vitunguu saumu. (Nasema Mhindu wa dini jamani, siyo Mhindi, tusichanganye.) Sasa hao wengi wao asili yao ni Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, na kule kutokula nyama kuna mizizi mirefu sana, kwa Wavaishnava wenyewe, yaani Wahindu wanaomwabudu Vishnu, na kwa majirani zao Wajaini, watu wa dini nyingine inayokataza kuua kiumbe.

Nenda Kolkata sasa, jiji la Bengal, mashariki mwa India. Pale hekalu la Kalighat mbuzi wanachinjwa kwa ajili ya mungu wa kike Kali, na Wabengali wana namna yao ya kupika nyama ya sadaka, hawatii kitunguu wala saumu, wanatia tangawizi na binzari nyembamba, halafu wanaiita niramish, neno lile lile wanaloitia chakula kisicho na nyama, kwa sababu kwao ikishatolewa kwa mungu siyo kitoweo cha kawaida tena. Brahmin wa Bengal, yaani mtu wa tabaka la makuhani, anakula samaki bila wasiwasi, Pandit wa Kashmir, naye Brahmin, anakula nyama ya kondoo. Utafiti wa taasisi ya Pew ya Marekani wa 2021 ulikuta Wahindu wa India wanaosema hawali nyama kabisa ni 44% tu, ila kwenye ng'ombe ndo wengi wanakutana, 72% walisema anayekula ng'ombe hawezi kuitwa Mhindu.

Wanaosema Mhindu wa kweli aache nyama siwabezi hata kidogo. Hoja yao ni ahimsa, usiumize kiumbe, na kama unaamini roho inazaliwa tena kwenye mwili mwingine basi yule mbuzi siyo kitu tu. Gandhi alimuapia mama yake kabla ya kwenda London 1888 kwamba hatagusa nyama, na kule njaa ilimsumbua kweli mpaka akapata mgahawa wa wasiokula nyama, lakini kiapo hakukivunja. Hata Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, ambayo pande zote wanaishika, inasema kula nyama siyo dhambi ila kuacha kuna thawabu kubwa. Yaani ni jambo la kujitolea mwenyewe.

Na hapo kwenye kujitolea ndo pananiuma, maana mara nyingi anayeachishwa siye aliyechagua. Mjane wa Kibengali wa tabaka la juu zamani mume akifa tu alikatazwa samaki, nyama, vitunguu mpaka aina fulani za dengu, maisha yake yote yaliyobaki, wakati mwanaume akifiwa na mke anaendelea na samaki wake kama kawaida.

Leo ni watoto. Jimbo la Karnataka, kusini mwa India, walianza kugawa mayai mashuleni mwishoni mwa 2021 kwenye wilaya zenye utapiamlo, na asiyekula yai alipewa ndizi, lakini bado viongozi wa dini wa Kilingayat, dhehebu la huko, walipinga vikali. Mimi naona mzazi ana haki kamili ya kusema mwanangu apewe ndizi, na shule iheshimu hilo bila maneno, ila yai la mtoto wa jirani, ambaye kwao huenda halionekani wiki nzima, halimhusu.