Una mastazi na unataka kusaini jeshi la Marekani? Tuongee kwanza

Ilikuwa saa nane usiku, niko shifti kwenye nyumba ya wazee. Nimetoka kumgeuza mzee mmoja ubavu ili asipate vidonda vya mgongo, nimekaa koridoni kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi, naangalia tangazo la jeshi. Nina mastazi ya afya ya jamii. Nimetuma maombi ya kazi mpaka nimeacha kuhesabu, na majibu ni yale yale, asante kwa kuomba ila tumempata mwingine. Sasa tangazo linakwambia mshahara upo, matibabu bure, nyumba, uraia wa haraka, mkopo wa shule wanalipa wao, na wewe umechoka, miguu inawaka moto, unaona kabisa kama Mungu amekujibu. Usiku ule nilijaza jina langu na namba ya simu, na asubuhi sijafika hata nyumbani afisa wa kuandikisha akawa ameshanipigia.

Naandika kwa Watanzania wenzangu tulioko huku, maana tunabeba boksi na vyeti viko kabatini, na najua siko peke yangu niliyejaza ile fomu usiku. Sisemi jeshi ni baya. Nawajua vijana wetu waliopita humo na wametulia vizuri, wana familia na nyumba. Ninachosema ni kwamba sisi wenye mastazi tunaingia kwenye hili swali kwa mlango usio wake, tunabishana kuhusu aibu na kuhusu deni, wakati mambo mazito yako kwingine kabisa.

Tuanze na hiyo aibu kwasababu ndo kitu cha kwanza kila mtu anakwambia. Dada yangu aliposikia alilia kwenye simu, akasema yaani kaka umesoma hivyo halafu ukawe kuruta, ukafokewe na mtoto mdogo? Nikamwelewa, maana nyumbani tuliuza kiwanja ili nije kusoma. Lakini ukweli ni kwamba kule mafunzoni hakuna anayeangalia cheti chako, na wala sioni ubaya wowote kwenye hilo. Wiki 10 unaamshwa alfajiri, unapiga kwata, unalala bwenini na vijana wa miaka 18 na 19. Mtu anaweza kujifunza unyenyekevu pale, mimi aibu hiyo ningeibeba bila shida. Na ukiwa na digrii kwenye jeshi la nchi kavu kwa kawaida huanzi chini kabisa, unaanza ngazi ya E-4, yaani ya nne kutoka chini, ambayo mwaka 2025 mshahara wake wa msingi ulikuwa kama dola 3,100 kwa mwezi, wakati luteni usu, yaani afisa anayeanza, alikuwa karibu dola 4,000. Bado kuna chakula na malazi au hela ya nyumba, na matibabu. Kwa anayelipwa kwa saa kuosha wazee hizo si hela za kudharau hata kidogo.

Sasa utauliza, kama una mastazi si uingie moja kwa moja kama afisa? Hapa ndo pa kukaa tuongee, maana nimeona watu wengi hawajui. Afisa kwa kawaida lazima awe raia wa Marekani. Grini kadi, kile kibali cha kuishi huku moja kwa moja, inakuruhusu kuingia kama askari wa kawaida, basi, na hata hivyo kazi nyingi zinazohitaji kibali cha siri za serikali hupewi mpaka uwe raia. Kwahiyo mtu mwenye grini kadi na mastazi yake anaingia kama askari, anaomba uraia akiwa ndani, halafu akishaupata ndo aombe chuo cha maafisa, ambacho nacho kina masharti yake ya umri na ya kuchaguliwa. Inawezekana, wapo waliopita njia hiyo, lakini usiruhusu mtu akwambie kwa mdomo kwamba "ukishaingia tu baada ya miezi michache utakuwa luteni". Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nikamwambia yule afisa wa kuandikisha naomba uiandike kwenye mkataba. Akacheka kwa upole, akasema hiyo haiandikwi.

Ule mkataba niliomba nikausome nyumbani. Nilikaa nao mezani Jumapili nzima, kalamu mkononi, napigia mstari kila nisichoelewa, na kuna mambo matatu yalinifanya niweke kalamu chini. La kwanza, unaposaini miaka mitatu au minne, jumla ya wajibu wako kijeshi ni miaka 8, ile iliyobaki unakuwa wa akiba na wanaweza kukuita. La pili, karatasi yenyewe inasema wazi kwamba ahadi yoyote ambayo haijaandikwa humo au kwenye viambatisho vyake haitatimizwa. La tatu ndo lilinikata maini: inasema sheria na kanuni zinaweza kubadilika bila wewe kupewa taarifa, na mabadiliko hayo yanaweza kugusa mshahara wako, marupurupu yako na majukumu yako, haijalishi mkataba wako ulisema nini. Wewe umefungwa, wao hawajafungwa. Kazi ya kawaida ukiichukia unaandika barua wiki mbili unaondoka, huku hamna barua ya wiki mbili. Nashangaa sana kuona mtu aliyeandika tasnifu ya kurasa mia, aliyefundishwa kusoma kila chanzo mara mbili, anasaini kitu hiki kwa dakika kumi kwasababu amechoka na shifti.

Kuhusu mkopo naomba mnisikilize vizuri. Ni kweli jeshi la nchi kavu lina mpango wa kulipa mikopo ya shule, umewahi kufika mpaka dola 65,000. Lakini ni mikopo ya serikali ya Marekani tu, na ni lazima iandikwe kwenye mkataba kabla hujaapa. Sasa wengi wetu tulikuja na viza ya mwanafunzi, mikopo ya serikali hatukuruhusiwa kuchukua, tulisoma kwa michango ya ukoo, kwa kuuza mali, na kwa kukopa kwenye makampuni binafsi. Mimi grini kadi ya bahati nasibu niliipata mwaka wa mwisho wa masomo, deni langu lote ni la kampuni binafsi, kwahiyo ule mpango haunigusi hata senti moja! Na kuna fungu la kusomeshwa baada ya jeshi, wanakulipia miezi 36 ya masomo, ni zuri sana kwa kijana wa fomu siksi, ila wewe mwenye mastazi tayari faida yake kubwa ni kumrithisha mwenzi au watoto, na kwa hilo uwe umetumikia miaka 6 na ukubali kuongeza mingine 4. Jumla miaka kumi. Piga hesabu yako mwenyewe kwa karatasi zako mwenyewe, usipige kwa karatasi za rafiki yako aliyezaliwa Ohio.

Halafu uraia. Mkenya akila kiapo cha Marekani anabaki Mkenya, katiba yao ya 2010 inamruhusu. Sisi hapana. Siku unayopokea uraia wa nchi nyingine kwa hiari yako ukiwa mtu mzima, sheria ya Tanzania inakuhesabu siyo raia tena, na hii hadhi maalumu inayozungumzwa kwa ajili ya diaspora siyo uraia, hupigi kura nayo. Jeshini uraia unapatikana haraka, husubiri miaka mitano kama wengine na ada hulipi, wengine wanaapa wakiwa bado hawajamaliza mafunzo. Haraka hiyo ndo inaniogopesha. Jambo la kuacha kuwa Mtanzania linataka kikao na mama, linataka kuongea na ndugu kuhusu shamba, kuhusu utazikwa wapi. Na ukipewa uraia kwa njia ya jeshi halafu ukaondolewa kwa mwenendo mbaya kabla hujatimiza miaka mitano ya utumishi, wanaweza kukunyang'anya. Hapo unakuwa huna huku wala kule.

Nilimpigia baba mdogo Morogoro. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka 1978 Amin alipovamia Kagera akachukuliwa kuingia mgambo, akatembea kwa miguu mpaka ndani ya Uganda. Huwa hasimulii. Nikamsalimia, shikamoo baba, nikamweleza yote, mshahara, uraia, cheo. Akakaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Akasema, "Mwanangu, mimi sikuuliza mshahara, nyumba zilikuwa zinachomwa kwetu. Wewe wakikutuma, utajua unaenda kwanini?" Nikakosa jibu. Sikuwa nimefikiria kabisa habari ya kutumwa, nilikuwa nafikiria bili. Kila nchi ambayo wanasiasa wa Marekani wanaweza kuamua kupeleka askari, nami ningekwenda, na kama ni nchi ambayo moyo wangu hauoni sababu ningekwenda hivyo hivyo, maana nimeapa. Mtu anayeweza kusema ndiyo hapo kwa moyo mweupe, mwenye mastazi au asiye nayo, namheshimu na namwambia aende. Mimi sikuweza. Jumatatu nilimpigia yule afisa nikamwambia siji, akanishukuru vizuri tu na hajanisumbua tena.

Bado niko kwenye nyumba ya wazee, na nimeanza kuomba kazi za idara za afya kwenye vimiji vidogo ambako watu hawapendi kuhamia. Mwezi uliopita kuna mdogo wetu wa Tanga, ana mastazi ya uhasibu, alikuja kwangu na mkataba wake. Tulikaa jikoni masaa matatu, nasoma kifungu natafsiri Kiswahili, anauliza, tunaenda kingine, wali ukapoa. Kila nilichowaambia hapo juu alikisikia. Mwisho akasema kaka mimi nataka, nimetaka uanajeshi tangu niko JKT, na mama yangu nimeshaongea naye habari ya uraia. Amesaini. Anaondoka Jumanne kwenda mafunzoni Fort Jackson, na kwenye kituo wanatakiwa mapema kabla hakujakucha, kwahiyo nimebadilishana shifti na mwenzangu ili nimpeleke mimi.