"Njoo Kesho" Ina Nauli Yake

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya umma hapa Mwanza mjini. Jina silitaji, maana nikiitaja moja mtadhani nyingine zimepona. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja kutoka kisiwa cha Ukerewe, bahasha ya kaki kaikumbatia kifuani. Alipofika dirishani kijana akamwamkia vizuri kabisa, "Shikamoo bibi," tena kwa tabasamu. Kisha: "Sistimu imegoma. Njoo kesho."

Kesho! Utadhani bibi anakaa Mabatini, hapa hapa mjini.

Nyie wa Mwanza mnajua Nansio, bandari ya huko Ukerewe, ilipo. Ni saa tatu hivi majini, ziwa likikubali. Kwa bibi yule "njoo kesho" maana yake ni kutafuta gesti au kwenda kumbana mtoto wa ndugu huko Buhongwa, kula hotelini, kisha kuamkia foleni ileile bila uhakika kwamba hiyo sistimu nayo imeamka. Akiona gharama imezidi, anarudi kisiwani mikono mitupu na nauli imekwenda.

Hapo ndipo ninapokasirika. Serikali yetu imejifunza kuhesabu fedha zake, tena vizuri. Siku hizi hulipii kitu bila namba ya malipo, na nakiri, kwa shingo upande, kwamba hilo limepunguza zile risiti za kuandikwa kwa mkono. Lakini fedha anazomaliza mwananchi kwa kuzungushwa hazina namba ya malipo. Haziingii kwenye kitabu chochote, hakuna mkaguzi anayeziuliza, na hakuna mkuu wa idara anayetoka jasho kikaoni kwa sababu yake. Hasara isiyoandikwa popote itamuuma nani?

Na sistimu ni kisingizio cha kwanza tu. Ikirudi, unaambiwa barua ya mtendaji haina muhuri. Ukileta muhuri, picha siyo ya rangi ya nyuma inayotakiwa. Ukileta picha, jina la kwenye cheti limepishana herufi moja na la kwenye kitambulisho, nenda kaape. Kasoro zote hizo zilikuwemo kwenye bahasha tangu siku ya kwanza, ila unapewa moja moja kama dozi ya dawa. Mhudumu hakukosea kitu, kila alichosema kipo kwenye utaratibu. Ila hakuna aliyemlazimisha kuifungua bahasha yote na kuipitia mpaka mwisho.

Ninachotaka ni kidogo mno. Mtu akifika dirishani, karatasi zake zipitiwe zote. Kinachopungua kiandikwe chote, siku hiyo hiyo, na aliyeandika aweke jina lake na tarehe. Akirudi navyo, asizuliwe kingine. Na kama ni mtandao, pokea karatasi, andika kwenye daftari, mwache mzee wa watu aondoke, kisha mpigie simu. Kila fomu mnatujazisha namba ya simu. Nani kati yenu amewahi kupigiwa?

Mtaniambia mtandao kweli husumbua. Sawa. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu, karibu nchi nzima tulikaa tunaangalia simu zinazunguka, sikumlaumu mtu. Lakini mtandao unaogoma dirishani halafu unafufuka kwa kishoka, yule dalali wa njia za mkato, aliyekaa chini ya mwembe nje ya geti, huo naomba TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, waje watueleze ni wa kampuni gani. Vishoka hawaishi kwa ujanja wao, wanaishi kwa "njoo kesho." Mtu aliyetoka kisiwa cha Ukara hana kesho nyingi, kwa hiyo atalipa leo.

Watumishi wachache? Kweli. Mishahara? Tuzungumze siku nyingine. Lugha mbaya dirishani imepungua, hongereni, lakini hata "shikamoo" hailipi nauli ya kivuko.

Mikataba ya huduma kwa mteja tunayo tangu enzi za ile programu ya mabadiliko ya utumishi wa umma iliyoanza mwaka 2000. Imebandikwa ukutani, ina siku za kusubiri na haki za mteja, wino umepauka. Kila Juni, tarehe 16 hadi 23, Wiki ya Utumishi wa Umma, mabanda yanasimamishwa, wakubwa wanakaa kwenye viti vya plastiki kusikiliza kero, na mambo yaliyolala yanaamka ghafla. Kumbe yanawezekana! Julai mosi tunarudi kwenye sistimu.

Tena tusiambiwe mambo makubwa yamewashinda. Nchi iliyomwaga zaidi ya shilingi bilioni 700 ziwani na Juni 2025 ikatufungulia daraja la kilomita 3 pale Kigongo–Busisi, ambapo tulikuwa tunasubiri kivuko mpaka tunasahau tulikokuwa tunakwenda, haiwezi kushindwa kumwandikia bibi mistari minne ya vitu vinavyopungua. Hiyo haihitaji mkandarasi wala mkopo.

Wala wasiniambie karatasi hazina bajeti. Waandike nyuma ya zile fomu tunazoambiwa kila siku kwamba zimeshapitwa na wakati.