Mnaotafiti elimu ya mkoloni, pandeni Old Moshi muongee na wazee

Watafiti wanaochimba mambo ya ubaguzi wa rangi, ukoloni na shule za serikali mi nawaheshimu sana, ila wengi wanaishia kwenye mafaili ya London na Dar, huku Old Moshi, mlimani Kilimanjaro, hawafiki kabisa, na waliosoma enzi hizo ndo hao wanatuacha kila mwaka.

Wengi hatujui kwamba shule ya babu zetu ilipangwa kwa kuangalia watu weusi wa Marekani. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa Kimarekani wa mambo ya elimu, ilizunguka Afrika Mashariki chini ya Thomas Jesse Jones, ambaye aliwahi kufundisha Hampton kule Virginia, shule ya weusi iliyokazania kazi za mikono, na ripoti yao ikataka Mwafrika apewe elimu ya kuendana na mazingira yake, yaani kilimo, afya, ufundi. W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, alishampinga Jones kwa mawazo hayohayo kwao Marekani.

Sasa mtu atasema kilimo kina ubaya gani? Ubaya ni kwamba jembe lilipangwa kwa rangi. Wazungu shule zao, Wahindi zao, Waafrika zao, hadi Arusha School ikafunguliwa 1934 kwa ajili ya watoto wa Kizungu, na mgawanyo huo ulikuja kufutwa 1962, tumeshapata uhuru.

Jirani yetu mmoja alisoma middle school miaka ya 50, anasema jembe lilikuwa lazima kama daftari. "Baba alikuwa na kahawa kihambani, kulima nilijua kabla ya kusoma, mi nilifuata Kiingereza na hesabu." Na ni kweli, Wachaga walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa tangu 1925, KNCU, chama kikuu chao cha ushirika wa kahawa, ikaja 1933, nani wa kuwafundisha shamba?

Halafu 1967 Nyerere akaleta Elimu ya Kujitegemea, jembe likarudi darasani. Jirani yetu huyo anasema hapo ilikuwa tofauti kwa sababu hakuna mtoto aliyeachwa nje kwa rangi yake, mkewe anakataa katakata, anasema mgongo uliuma vilevile. Wabishi kweli hao wawili! Mi namuelewa mzee, ila bibi naye ana hoja na hakuna ripoti itakayokuambia hayo.

Kwa hiyo vyuo vya hapa Moshi wapeni wanafunzi nauli na rekoda, waongee na wazee hata kwa Kichaga, na kopi ibaki kwenye shule ya kijiji.