Mmevuka Bahari Kuja Kulala?

Jamani, hivi mtu unapanda boti Dar, unavuka mpaka Unguja kwa ajili ya tamasha la muziki la Sauti za Busara, halafu siku mliyopanga kutembea unalala mpaka adhuhuri? Kwenu hakuna kitanda?

Mnawajua watu hawa. Mmekubaliana saa mbili asubuhi mko mlangoni. Saa nne mmoja ndiyo kwanza anaoga. Saa tano mwingine anatafuta chaja. Saa sita wote wana njaa! Mkitoka, jua la Februari linawasubiri kama mnadaiwa.

Na hapo picha hazijaanza. Mlango wa nakshi, simama. Geuka. Shusha miwani. Rudia, nimefumba macho. Mlango mmoja, nusu saa! Nakshi zenyewe nani kaziangalia? Nani kaona mnyororo uliochongwa kwenye fremu, au ile misumari ya shaba?

Kilichonichoma zaidi ni Mkunazini, pale Mji Mkongwe. Pale palikuwa na soko la watumwa, likafungwa 1873, kanisa la Anglikana likajengwa mahali pale pale. Nje kuna sanamu za watumwa shimoni, minyororo shingoni. Mtu anasimama pale anauliza, "Tunakaa sana?" Ndiyo, tunakaa sana! Unawahi wapi? Muziki Ngome Kongwe si mpaka jioni?

Mwakani anayetaka kulala abaki Dar. Usingizi hauhitaji nauli ya boti!