Mgeni Asiyetikisa Kikombe

Ukifika Oman, usimsengenye mtu kwa Kiswahili. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 watu wengi wenye asili ya Oman waliondoka visiwani, na Sultan Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970 akawaita Waomani waliotawanyika warudi kuijenga nchi. Wakarudi na vyeti vyao, mapishi yao na lugha yao. Leo hii Maskati unaweza kununua mishikaki, kuvutana bei ya kitambaa na kutukanwa, vyote kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha watangazaji wetu. Hayo nilikuwa nayajua kabla sijapanda ndege, na hayakunisaidia kitu.

Teksi za kuchangia zinazokwenda mikoani husimama karibu na Burj al Sahwa, ule mnara wa saa. Ni gari ndogo, rangi ya chungwa na nyeupe, na dereva hang'oki mpaka viti vijae. Ukiwa na haraka unalipia vile vilivyobaki vitupu. Bei inapatanwa mlango ukiwa wazi. Ukishakaa ukaufunga, umeshakubali yoyote utakayotajiwa. Mimi nilikuwa naelekea Ibra, mwendo wa kama saa mbili kusini-mashariki, kuangalia mtaa wa kale wa Al Minzfah, ule wenye majumba ya udongo yaliyojengwa na matajiri wa biashara, ambao baadhi yao mali waliichuma pwani yetu.

Kushoto kwangu akabanwa mzee wa kanzu nyeupe na kilemba, macho kayafumba. Tulipotoka mjini nikamrekodia kaka yangu ujumbe wa sauti: "Huku salama, ila nimekalishwa na babu mmoja anakoroma tangu tuanze safari, kisha kajifukiza udi utadhani bi harusi anayetolewa nje."

Babu akafumbua jicho moja. "Sikoromi, mwanangu. Navuta uradi, namtaja Mungu."

Dereva akacheka mpaka gari likayumba. Abiria wa mbele akacheka. Kumbe gari zima lilikuwa linanisikiliza. Mzee kazaliwa Ng'ambo, Unguja, akatolewa huko bado kijana, na kwake ni palepale Ibra. Akaniuliza nimetoka wapi, nani ananingoja, nimekula nini. Nilipojibu kuwa simjui mtu, akasema, "Leo chakula cha mchana kwangu." Mtu uliyemwita mkoromaji mbele ya watu humkatalii wali wake.

Mambo ya sebuleni yana utaratibu wake, na sebule yenyewe huko huiita sabla. Viatu vinabaki nje. Ukiingia watu wote wanasimama, nawe unawapa mkono mmojammoja ukianzia kulia, hata wakiwa kumi na tano, hata kama mmoja wao umeshuka naye kwenye teksi sasa hivi. Mgeni anapelekwa mbali na mlango. Unakaa chini juu ya zulia, miguu unaikunja, na nyayo humwelekezei mtu.

Kisha inakuja habari. Mkubwa wa pale anamgeukia mgeni na kuuliza kwa heshima kama kuna habari yoyote ya huko atokako. Jibu linajulikana: hakuna habari, kheri tupu. Halafu mkubwa naye anaulizwa, anajibu vivyo hivyo, basi, watu wanaendelea na maisha. Ni kama sisi tunavyojibu "nzuri" hata kama paa limeezuliwa jana. Ila mzee aliponitafsiria, mimi nikadhani wanataka kujua. Nikawapa. Nikaanza na mafuriko ya Jangwani, nikaja kwenye foleni za mwendokasi, bei ya mafuta ya kula, nikamalizia na Simba na Yanga pamoja na kadi nyekundu ambayo mpaka leo siikubali. Desturi inakataza kumkatiza mtu anapotoa habari, kwa hiyo watu wazima wenye majambia kiunoni walinisikiliza mikono magotini, kimya, huku mzee akitafsiri "kona" na "kuotea" kwa shida kubwa. Nilipomaliza, mkubwa akashusha pumzi. Akasema wao hawana habari.

Vikaletwa vya kufungulia: matunda, bakuli la tende, sahani ya haluwa nyeusi inayong'aa samli, na bakuli la maji ya kusuuzia vidole. Hapa wageni wengi hujiua wenyewe. Hiki si chakula. Ni salamu tu. Tende tatu na haluwa ya kumega kwa vidole vitatu zinatosha kabisa. Mimi nilikuwa na njaa ya safari, na haluwa ya Oman, kwa jinsi inavyokorogwa kwa saa kadhaa kwenye sufuria la shaba na zafarani na maji ya waridi, haimruhusu mtu kuacha. Nikaacha sahani ikiwa nyeupe. Ndipo pazia likafunguka, likaja sinia la wali ambalo vijana wawili walilibeba kwa kushirikiana, na juu yake mapande ya mbuzi.

Sinia moja, watu sita, mkono wa kulia. Kila nilipochimba shimo mbele yangu, mzee alichambua nyama laini na kuliziba. Na huwezi kujiondokea ukishiba, kwa sababu mgeni akinyanyua mkono na wengine hunyanyua, hata kama bado wana njaa. Dawa yake ni kula polepole, tonge dogo, mkono usitoke siniani. Dawa hiyo niliifahamu nikiwa tayari nimejaa mpaka kooni.

Sasa kahawa. Anayemimina ni kijana mdogo kuliko wote, mdila, yaani birika la kahawa, mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, na hakai mpaka mgeni amalize. Kahawa yenyewe haina sukari, imetiwa iliki, na inamiminwa kidogo tu, chini ya nusu. Usidhani ni ubahili. Kikombe kidogo hakimuunguzi mtu, na kinampa mwenye nyumba nafasi ya kukukirimu tena. Ukijaziwa mpaka ukingoni ndipo ujue umechokwa. Ukitosheka, unakitikisa kikombe kitupu kulia na kushoto mara mbili tatu kwa kifundo cha mkono, kisha unamrudishia mmiminaji. Usipokitikisa, anamimina. Hata ukisema "shukran". Hata ukishika tumbo.

Mimi ni mtu wa pwani. Nimekunywa kahawa barazani tangu utoto, kwa kashata, nikanunua mwenyewe na nikaacha mwenyewe. Kwa hiyo nilikuwa nainywa kwa adabu, namrudishia kijana kikombe na kusema "shukran sana", naye anamimina. Nakunywa haraka ili nimalize, anamimina haraka ili nisingoje. Vidole vyangu vikaanza kutetemeka, lakini si kwa namna ile inayotakiwa.

Nikafarijika nilipoona chetezo kinaingia, ubani unafuka, na nyuma yake mrashi wa maji ya waridi. Kwetu chetezo kikipita maulidini ndiyo kwanza shughuli imekolea. Nikajifukiza, nikanyunyiziwa, nikaegemea mto vizuri kusubiri kinachofuata. Kule chetezo ndicho kinachofuata. Waarabu wana msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa: mgeni anafukizwa, anaaga, anakwenda na harufu nzuri nguoni. Watu wote walikuwa wananisubiri mimi niinuke. Nami nilikuwa nasubiri wao waniruhusu, kwa sababu teksi za kurudi Maskati hupungua jioni na nilikuwa nazihesabu kichwani.

Mwenye nyumba hawezi kumwambia mgeni aondoke, ni aibu. Mgeni asipoondoka maana yake anapapenda, na anayepapenda hukirimiwa. Akamwita kijana. Mdila ukarudi umejaa. Kahawa ikamiminwa, nikasema "shukran", ikamiminwa. Kikaja chetezo cha pili. Nikajifukiza, nikaegemea. Mdila. Kufika adhuhuri ya pili ya siku hiyohiyo, maana muda ulikuwa umeshapoteza maana, kijana mmiminaji alikuwa amebadilishwa na mdogo wake kwa kuishiwa nguvu za mkono, na babu mmoja pembeni alikuwa anakoroma kweli, si uradi.

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya bibi wa Kiunguja: "Jamani, huyo mtoto atakufa! Kitikise kikombe, mwanangu, kitikise!"

Nikakitikisa. Kijana akakipokea kama mtu aliyefunguliwa pingu. Chetezo cha tatu kilipoletwa nilijifukiza nikiwa nimeshasimama. Tukaagana, mikono yote upya ukianzia kulia, na nilikuwa nimevaa kiatu kimoja jirani wa mzee aliponishika kiwiko. Ameketi pale mchana kutwa, kasikia habari za Simba na Yanga mwanzo hadi mwisho. Hawezi kuonekana mtaani kwamba mgeni kapita mlangoni kwake bila hata finjani moja. Nyumba yake ilikuwa hatua ishirini. Mzee akaniambia kwa sauti ya chini kuwa kumkatalia haiwezekani, na akanifuata.

Sabla nyingine, mikono mingine. Safari hii walipoomba habari nikajibu kheri tupu, nikaona nyuso zikikunjuka. Kahawa ikamiminwa. Tumbo lilikuwa halina nafasi ya hata tone moja. Ila kikombe chenye kahawa hakitikisiki, kinamwagika, nami nilikuwa nimevaa suruali nyeupe. Basi nikakiweka chini juu ya zulia, polepole, mbele yangu.

Sabla nzima ikanyamaza. Kijana mwenye mdila akarudi nyuma hatua moja. Mzee akaniinamia sikioni: "Umeweka kikombe chini hujakionja. Hiyo ni desturi ya zamani. Maana yake una haja kwa mwenye nyumba, na hutakunywa mpaka akukubalie. Watu huposa hivyo."

Nyuma ya pazia bangili zikalia. Jirani akaweka kilemba chake sawa, akatazama huku na huku awashuhudishe watu wake, akanigeukia na kusema maneno ambayo mzee aliyatafsiri moja baada ya jingine: haja yangu, iwe nini iwe, imeshakubaliwa, niitaje.

Nikamjibu kwamba ni ndogo, na kwamba akinielekeza mlango sasa hivi nitashukuru.