Hija ya Bagamoyo ianzie wapi?

Waumini Wakatoliki wanaokwenda kuhiji Bagamoyo, ambako mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wengi hufika kwa mabasi ya kukodi. Wapo wanaotamani kutembea tangu Dar es Salaam, takriban kilomita 70, kama mahujaji waendao kwa miguu Namugongo, Uganda, kwenye madhabahu ya wafiadini.

Wanaopinga wana hoja. Barabara ina malori na jua ni kali. Mama mwenye magoti mabovu asijione hija yake ni pungufu kwa sababu alipanda basi. Kiini ni kitubio na Misa.

Hata hivyo, Bagamoyo ni mji wa watembeao. Wapagazi wa Kinyamwezi waliingia hapa na pembe za ndovu mabegani, na watumwa waliswagwa kwa minyororo kutoka bara. Februari 1874, Chuma, Susi na wenzao waliufikisha hapa mwili wa bwana wao, mmisionari na mpelelezi David Livingstone, wakiwa wameubeba tangu kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Ulilazwa misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar. Kwa hiyo kutembea naunga mkono, hata kama ni kilomita moja tu.

Swali langu ni njia. Tukianzia kwenye msalaba wa ufukweni hadi kanisani, tunafuata nyayo za waliokuja kwa jahazi. Waliotoka bara hatuwagusi. Ningependa maandamano yaanzie Caravan Serai, ilikopumzika misafara, yapite mjini ndipo yaelekee misheni.

Na historia isomwe yote. Misheni iliwakomboa watoto kwa kuwanunua katika soko la watumwa la Zanzibar. Wengi waliokoka hivyo, lakini waliishi chini ya amri ya misheni, wakilima mashamba yake kwa ratiba wasiyoipanga wao. Kuna wanaosema habari hizi huvuruga ibada. Mimi naona tasbihi inayowataja watoto hao ina uzito kuliko inayowataja mapadri peke yao, ingawa nao, wengi wakiwa vijana, walizikwa pale pale kwa homa.

Pia, wenyeji wengi wa mji ni Waislamu. Kabla ya kupita na vipaza sauti mitaani mwao, tubishe hodi kwa wazee wa mtaa, tukubaliane saa, na adhana ikilia tunyamaze.